Pikipiki "inavuta hewa": magonjwa mawili yanayoitwa kwa jina moja

Kaa nusu saa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Mtwara mjini, iwe Chikongola, Ligula au njia ya kutokea Mikindani, na hutaondoka kabla hujasikia mtu akilalamika kwamba pikipiki yake "inavuta hewa". Wa pembeni atadakia kwamba hiyo ni kabureta, ifunguliwe ioshwe. Wa tatu atamwambia asijisumbue, anunue nyingine, siku hizi ziko za bei nafuu. Wote wana nia njema. Tatizo ni kwamba maneno hayo mawili, "inavuta hewa", yamebeba magonjwa mawili yasiyofanana, na kwa kuwa tumeyapa jina moja tunayatibu kwa dawa moja. Kabureta nzima zinatupwa, na injini ambazo zingedumu miaka mingine zinashushwa kabla ya wakati wake.

Mimi mwenyewe nimelipia kosa hili. Pikipiki yangu ni ya zamani, nimeirithi kwa baba aliyekuwa bwana shamba upande wa Tandahimba. Mwaka jana ilianza kubadilika. Nikiachia resi, mlio haushuki, unaning'inia juu kama kuna mtu mwingine ameshika ule mkono. Asubuhi haiwaki bila choki, na choki ikitolewa inazima. Nikishuka mteremko wa kuingia Mikindani, ekzosi inapiga "pa! pa!" mpaka watu wanageuka. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimenunua kabureta mpya, jeti kubwa na plagi mbili. Ugonjwa ulibadilisha sura tu, haukuondoka.

Kwa hiyo tuanze mwanzo kabisa.

Kabureta inafanya kazi gani

Ndani ya injini petroli haiungui ikiwa majimaji. Inaungua ikiwa imepasuliwa kuwa ukungu na kuchanganywa na hewa, na anayechanganya ni kabureta. Kwa uzito, gramu 1 ya petroli inataka karibu gramu 15 za hewa ili iungue yote. Hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo ukiigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo inashangaza: lita 1 ya petroli inaondoka na hewa ya kujaza mapipa 45 hivi ya lita 200. Kutoka Mtwara mpaka Lindi, kilomita mia moja na ushei, pikipiki ndogo inameza hewa ya mapipa zaidi ya 100. Petroli tunaihesabu kwa sababu tunailipia. Hewa ni ya bure, basi hakuna anayeuliza imepita wapi.

Kabureta haina pampu. Pistoni ikishuka inanyonya, hewa inakimbia kwenye koo jembamba la kabureta, na mbio hizo ndizo zinazoivuta petroli juu kupitia vitundu vya shaba tunavyoviita jeti. Ni kama kunywa dafu kwa mrija. Mrija ukiwa mzima, ukinyonya kidogo tu maji yanapanda. Utoboe kwa sindano karibu na mdomo, utanyonya mpaka mashavu yaume na maji yatakuja kwa shida. Hapo dafu halina kosa, na kifua chako hakina kosa.

Sasa fuata njia ya hewa kwa kidole, pikipiki ikiwa imezimwa. Inaanzia kwenye boksi la chujio, lile sanduku la plastiki lililo chini ya kiti au nyuma ya kava la ubavuni. Inatoka humo kupitia shingo nene ya mpira, inaingia kwenye kabureta, inatoka upande wa pili kupitia kipande kifupi kinachoitwa manifoldi, inaingia kwenye injini. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vyetu zina injini iliyofuata muundo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970, na njia yake ya hewa ni hiyo hiyo. Kabureta iko katikati. Kila ungio lililo kabla yake na kila ungio lililo baada yake linaweza kuvuja, na hapo ndipo magonjwa yanapotengana.

Mtu wa huku ataelewa upesi nikimpeleka ghalani msimu wa korosho. Kabureta ni yule anayekaa kwenye mzani. Anaandika kila gunia linalopita mbele yake. Ikiwa gunia limepita mzanini likiwa na kokoto ndani, uzito ataandika sawa, lakini mali ni chafu. Hiyo ni hewa iliyovuja kabla ya kabureta, na nitaiita hewa chafu. Ikiwa gunia limepitishwa dirishani nyuma ya mgongo wake, daftari lake litakuwa pungufu hata kama yeye ni mwaminifu kuliko wote. Hiyo ni hewa iliyovuja baada ya kabureta: hewa ya wizi. Kumfukuza mpima mzani hakuzibi dirisha, na ndicho tunachofanya tunapobadilisha kabureta.

Hewa chafu

Hewa chafu haina haraka. Haizimi pikipiki njiani, ndiyo maana hupuuzwa. Kwenye mzunguko wa mfuniko wa boksi kuna utepe wa sponji au mpira unaobana. Kwa joto letu na umri wa miaka kumi, ishirini, utepe huo hugeuka makombo. Vijino vya plastiki vinavyokamata mfuniko huvunjika. Shingo ya mpira hukauka, inasinyaa, inaacha upenyo wa kupitisha ukucha. Chini ya boksi kuna kimrija chenye kizibo cha kutolea maji, na kwenye pikipiki nyingi nilizoziona kizibo kilishapotea siku nyingi. Wengine hawakubakisha hata chujio lenyewe.

Ukiendesha kwenye lami ya mjini unaweza kukaa na hali hiyo muda mrefu. Panda njia za mchanga za Newala na Nanyamba nyuma ya lori, halafu uone. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikishakutana na oili ndani ya injini zinakuwa sawa na ile dawa ya kusagia valvu: ringi zinalika, silinda inalika, moshi wa buluu unaanza, oili inapungua bila kuvuja popote. Na kuanzia Juni hadi Agosti, mikorosho inapopuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, anayepita mashambani anabeba unga mwingine juu ya vumbi, na chujio linaziba kwa kasi ambayo mtu wa mjini hawezi kuiamini.

Kuna imani hapa ambayo imeharibu injini nyingi: kwamba ukitoa chujio, au ukitoboa boksi, pikipiki "inapumua" na kuongeza nguvu. Kinachoongezeka kwa hakika ni mlio. Aliyeitengeneza alichagua saizi ya jeti akihesabu ule ugumu kidogo wa hewa kupita kwenye boksi na chujio. Ukiuondoa, hewa inazidi petroli, injini inachemka, na vumbi linaingia bila mlinzi. Anayeipenda pikipiki yake airudishe hewa kwenye njia yake.

Chujio lililoziba nalo lina ugonjwa wake wa kinyume. Hewa inapungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi kama kioo cha chemli iliyopandishwa utambi kupita kiasi. Hapo pia kabureta husingiziwa. Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini, kisha lilowanishe oili kidogo na kulikamua mpaka lisidondoke. Usilioshe kwa petroli, inailegeza gundi yake, na ni hatari ya moto. La karatasi halioshwi wala halipakwi oili. Linakung'utwa, na likichakaa linabadilishwa.

Kujua kama boksi linavuja hakuhitaji mashine. Subiri usiku, au ingiza pikipiki ndani na ufunge dirisha. Fungua boksi, weka simu ndani ikiwa imewasha tochi, rudisha mfuniko, zima taa. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya. Mwanga ulitoka kwenye kona mbili za mfuniko na kuzunguka nusu ya mdomo wa ile shingo, mstari mwembamba wa kung'aa kama mlango wa chumba chenye taa. Kila palipotoka mwanga palikuwa panaingia vumbi, na mimi nilikuwa nimeshanunua kabureta.

Kipimo kingine ni kitambaa cheupe. Ng'oa shingo ya mpira kwenye kabureta, ingiza kidole kilichovikwa kitambaa safi, zungusha. Huko ndani hewa imeshachujwa, kwa hiyo kitambaa kinatakiwa kitoke kisafi, au na alama ya oili kidogo. Changu kilitoka chekundu kama njia ya Newala.

Kuziba boksi ni kazi ya uvumilivu zaidi ya fedha. Chokoa makombo yote ya utepe wa zamani kwenye mfereji wake, osha kwa sabuni ya kuondoa mafuta, acha pakauke kabisa. Mpya haupatikani kirahisi kwa pikipiki za zamani, lakini utepe wa sponji wa kuzibia milango na madirisha unafaa, mradi usiwe mnene kiasi cha kuzuia mfuniko kukaa. Usiunganishe kwenye kona. Anzia katikati ya upande ulionyooka na umalizie hapo hapo, ncha zikigusana bila kupandana. Kisha paka grisi nzito kidogo kwenye ukingo ambapo chujio linakaa. Shingo iliyokauka bila kupasuka itumbukize kwenye maji ya moto dakika kadhaa. Italainika uweze kuivalisha vizuri, kisha badilisha klipu. Iliyopasuka ibadilishwe. Ukiwa mbali na spea, kipande cha tyubu kilichozungushwa na kukazwa kwa klipu mbili kitakufikisha nyumbani, kwa sababu hapo ni kabla ya kabureta na petroli ni kidogo sana.

Baada ya kabureta tyubu hairuhusiwi.

Hewa ya wizi

Kati ya kabureta na injini kuna oringi (pete ya mpira ya kuziba ungio), gasketi, na mara nyingi kipande kigumu cheusi cha kuzuia joto la injini lisipande kwenye kabureta. Vyote vinabanwa na bolti mbili. Oringi ikikaa miaka kwenye joto inalala na kuwa bapa, haibani tena. Na sisi tunapoona panavuja, tunakaza bolti kwa nguvu mpaka uso wa kabureta unapinda, halafu panavuja zaidi.

Hewa inayoingia hapo haikupita kwenye koo la kabureta, haikuvuta petroli yoyote. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, hasa pikipiki ikiwa kwenye sailensa, yaani inapozunguka polepole bila resi, kwa sababu hapo kabureta inatoa hewa kidogo na kale kapenyo kanakuwa sehemu kubwa ya yote. Ndiyo maana mlio unaning'inia juu ukiachia resi, ndiyo maana inadai choki, ndiyo maana inapiga kwenye ekzosi ukishuka mteremko. Injini inachemka, na plagi inatoka nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Kwenye injini za stroki mbili, zikiwemo zile mashine za kupulizia mikorosho, hatari ni kubwa zaidi. Oili yake inakuja pamoja na petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua, na pistoni inakwama.

Aliyenionyesha hili ni fundi mmoja mzee pale Mikindani. Nilifika pikipiki ikiwa inaunguruma peke yake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hebu izime hiyo, isije ikajiua."

Hakugusa bisibisi. Aliisubiri ipoe kidogo, akaniambia niiwashe, akachukua chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, yenye maji matupu, akapuliza tone tone kwenye ungio la manifoldi. Alipofika upande wa chini, mlio ulishuka ghafla, ukayumba, ukapanda tena. Akapuliza tena pale pale, ukashuka tena. "Umesikia?" Maji yalikuwa yameziba upenyo kwa nusu sekunde, na kwa nusu sekunde hiyo pikipiki ya baba ilikuwa imepona. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki. Usithubutu, kwenye injini ya moto utachoma pikipiki na gereji.

Tulipofungua, oringi ilikuwa bapa na ngumu kama ukucha. Mzee aliuweka uso wa kabureta juu ya kipande cha kioo, akauinua kwenye mwanga, akanionyesha uwazi katikati. Akatandaza msasa laini juu ya kioo hicho hicho akausugua kwa kuuzungusha polepole mpaka ukakaa bila kucheza. Oringi mpya ilikuwa kitu cha bei ndogo kabisa katika yote niliyonunua miezi ile. Bolti alizikaza kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, kwa spana fupi.

Nilimuuliza kwa nini asiweke silikoni. Alikuwa ameshang'oa silikoni ya fundi aliyetangulia, imevimba na kulegea kama ubani uliotafunwa. Silikoni ya kawaida haihimili petroli, na mpira wa tyubu nao unavimba. Vipande vikikatika vinaishia ndani ya injini. Paweke oringi na gasketi za petroli, pasiwekwe kingine.

Kabureta yenyewe, sasa

Ukishaziba hewa zote mbili na bado inamisi, hapo kabureta ina haki ya kufunguliwa. Anza na kopo la chini. Ndani yake kuna boya linalofanya kazi kama la tanki la maji la nyumbani: petroli ikifika kipimo, boya linapanda na kufunga. Kisindano chake kikilika, petroli inamwagika au inazidi. Chini ya kopo kuna skrubu ya kutolea uchafu. Ifungue kwanza, kinga kwenye kikombe cha kioo uangalie. Maji yatalala chini ya petroli kwa duara linaloonekana wazi, na mafuta ya vijijini yanayokaa kwenye madumu huwa nayo mengi. Kuchakachua kwa mafuta ya taa nako tunakujua, ndicho kilichofanya serikali mwaka 2011 ipandishe ushuru wa mafuta ya taa. Ukikuta maji, tatizo ni mafuta, safisha tanki kwanza.

Jeti hazichokonolewi kwa waya wa chuma. Hili ningependa kila kijana wa gereji alisikie. Kwa watengenezaji kadhaa, namba iliyoandikwa kwenye jeti ni upana wa tundu kwa mia za milimita. Namba 100 ni milimita 1, namba 105 ni milimita 1.05. Tofauti ni karibu unene wa unywele, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 10. Waya ukikwaruza shaba kiasi hicho, umeshabadilisha jeti bila kujua, na hakuna wa kukwambia kwa nini petroli inaisha haraka. Tumia mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, unaopita bila kulazimisha, kisha puliza kwa upepo. Chelewa ya mfagio inakatikia ndani.

Mwisho kabisa ndiyo ile skrubu ndogo ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli, ambayo wengi huanza nayo. Kabla ya kuitoa, izungushe kuifunga taratibu ukihesabu mizunguko, uandike, kwa sababu ndiyo njia yako ya kurudi. Usiikaze mwishoni, ncha yake inaharibika. Ikiwa imekaa upande wa boksi, mara nyingi inapima hewa, na kuifunga kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa injini, mara nyingi inapima mchanganyiko, na kuifungua ndiko kunaongeza petroli. Mafundi wawili wanaweza kubishana siku nzima na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa kabureta aliyoizoea. Irekebishe injini ikiwa imepata moto, baada ya kutembea dakika kumi.

Na kama ulishaongeza jeti ili kufidia hewa ya wizi, rudisha ya zamani siku ile ile unapoziba. Mimi sikufanya hivyo. Nilitoka kwa mzee nikiwa na furaha, na kabla ya kufika Naliendele pikipiki ilikuwa inakohoa moshi mweusi, kwa sababu ile jeti kubwa sasa ilikuwa inapata mvuto wake kamili. Jioni nilirudisha kabureta ya baba na jeti yake yenye namba iliyofutika nusu. Asubuhi iliwaka kwa choki, nikaitoa baada ya dakika moja, ikabaki inazunguka. Baada ya wiki mbili za njia za Nanyamba niliingiza tena kidole chenye kitambaa kwenye shingo ya mpira. Kitambaa kilitoka na doa dogo la oili, na hakikuwa na wekundu.